Dinosaria kibogoyo na kitendawili cha kichwa kilichokosekana Tendaguru

SI kila dinosaria alikuwa na meno ya kurarua nyama. Wapo waliokuwa vibogoyo, wenye mdomo mgumu kama wa kuku, waliokimbia kwa miguu miwili na kudonoa chakula chao ardhini. Anayefahamika zaidi miongoni mwao alichimbuliwa nchini China, lakini jamaa yake aliishi hapa Afrika Mashariki, na ukoo wao una tawi lililoacha mifupa katika mawe ya Turkana.

Huyo wa China huitwa Limusaurus, yaani mjusi wa matope. Mifupa yake ilipatikana katika bonde la Junggar, mkoani Xinjiang, na akatangazwa rasmi mwaka wa 2009 na kundi la watafiti lililoongozwa na Xu Xing. Aliishi yapata miaka milioni 160 iliyopita. Urefu wake, kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia, haukuzidi mita mbili, na sehemu kubwa ya urefu huo ilikuwa mkia. Mikono yake ilikuwa mifupi mno. Tumboni mwake mlikuwa na vijiwe, kama vile tuvikutavyo ndani ya firigisi ya kuku au mbuni, ndege ambao humeza mawe ili yawasagie chakula kwa kuwa hawana meno.

Jina hilo la matope halikutolewa kwa mzaha. Mifupa mingi ilikutwa ikiwa imerundikana ndani ya mashimo yaliyokuwa na tope zito, na baadhi ya wataalamu wanaamini kwamba mashimo hayo yalikuwa nyayo za dinosaria wakubwa waliopita hapo awali. Wanyama wadogo walinaswa humo wakafa, wazee kwa watoto.

Msiba huo wa kale ndio ulioleta elimu. Kwa vile kulikuwa na mifupa ya rika mbalimbali, mwaka wa 2017 Wang Shuo na wenzake waliweza kulinganisha mabaki ya Limusaurus 19, kuanzia makinda hadi watu wazima. Waligundua kwamba makinda yalikuwa na meno, nayo yakang'oka kadiri mnyama alivyokua bila kuota mengine, hata akazeeka akiwa na mdomo mtupu. Inaelekea pia kwamba chakula kilibadilika: mtoto alikula wadudu na vijinyama, mzazi akala mimea. Huyo ni kinyume cha binadamu, ambaye huzaliwa kibogoyo!

Sasa turudi nyumbani. Katika kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, Tanzania, Wajerumani waliendesha uchimbaji mkubwa kati ya mwaka wa 1909 na 1913. Viongozi wake walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya vibarua Waafrika chini ya msimamizi wao, Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandarini Lindi, zikapakiwa melini kwenda Berlin. Hayo yalitendeka miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata katika nchi hiyo ya kusini.

Watu wengi hulikumbuka jitu lenye shingo ndefu ambalo sasa limesimamishwa Berlin, likiwa na kimo cha mita zaidi ya 13. Magazeti yetu yamezoea kuliita "mjusi mkubwa", jina ambalo mhariri makini angelifuta, maana dinosaria si mjusi. Pembeni mwa jitu hilo kuna mnyama asiyetajwa sana: Elaphrosaurus bambergi, aliyepewa jina na Janensch mwaka wa 1920. Maana ya jina lake ni mjusi mwepesi. Neno la pili ni heshima kwa Paul Bamberg, tajiri aliyechangia fedha. Aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Hakuwa mdogo kama Limusaurus, kwani urefu wake ulifika mita sita au zaidi, ila alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na nyonga zake hazikufika mita moja na nusu kutoka ardhini. Mbele ya majitu ya Tendaguru alikuwa kama swala mbele ya ndovu.

Zilipatikana pingili za shingo, mgongo na mkia, nyonga na mifupa ya miguu. Kichwa hakikupatikana. Hicho kinachoonekana Berlin kimeundwa na mafundi.

Kwa miaka mingi wataalamu walimhesabu pamoja na wala nyama wadogo, wengine wakamtia katika kundi la dinosaria wanaofanana na mbuni. Mwaka wa 2016 Oliver Rauhut na Matthew Carrano waliichunguza upya mifupa yote na kuonyesha kwamba ndugu yake wa karibu ni Limusaurus. Waliona vilevile kuwa shingo yake haikupindika kwa urahisi kama ya mnyama anayewinda mawindo makubwa. Kutokana na undugu huo, inaaminika kwamba Elaphrosaurus mzima naye huenda alikuwa kibogoyo mwenye mdomo wa ndege. Neno "huenda" lisiondolewe katika sentensi hiyo. Ushahidi ni wa ukoo, si wa fuvu, na Limusaurus ametufunza kwamba hata jino la kinda lisingetosha kukanusha.

Turkana inaingia hapa kwa njia ya ukoo huohuo. Msomaji wa Lodwar au Kakuma amezoea kusikia habari za Mvulana wa Turkana, aliyegunduliwa Nariokotome mwaka wa 1984, ambaye umri wake ni kama miaka milioni moja na nusu. Lakini kaskazini mwa Lodwar, kwenye korongo la Lokitaung na milima ya Lapur, yapo mawe ya mchanga ya enzi ya Kretasia, iliyokwisha miaka milioni 66 iliyopita. Camille Arambourg na R. G. Wolff waliandika kuhusu mifupa ya dinosaria wa huko mwaka wa 1969. Baadaye watafiti wa Marekani na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walirudi, na mwaka wa 2013 Joseph Sertich na wenzake, akiwemo Mkenya Fredrick Manthi, wakaeleza habari za mla nyama mkubwa wa kundi la abelisauri.

Abelisauri walikuwa na meno, tena makali. Hata hivyo, wao na akina Elaphrosaurus ni matawi mawili ya shina moja. Kwamba tawi la vibogoyo lilidumu hadi enzi ya Kretasia kulithibitishwa Brazil mwaka wa 2021, alipotangazwa Berthasaura, mnyama wa urefu wa mita moja hivi, asiye na jino hata moja.

Mifupa ya Lokitaung huhifadhiwa nchini, tofauti na ile ya Tendaguru, ambayo kurejeshwa kwake kumeulizwa mara kadhaa katika Bunge la Tanzania. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 inamtaka yeyote anayegundua kisukuku nchini Kenya atoe taarifa. Mchungaji atakayeuona mfupa wa jiwe ukichungulia korongoni na auache palepale ulipo, kwa kuwa mahali ulipolala, na tabaka lililoufunika, ndivyo vinavyomwezesha mtaalamu kujua umri wake.