Uhusiano wa Watu na Siha Zao

Uhusiano wa mtu na ahali, majirani na masahibu zake huhesabiwa na matabibu wa zama hizi kuwa miongoni mwa sababu za uzima na za maradhi. Na katika mifano iliyochunguzwa, hapana unaostahili kutazamwa kwa makini kuliko ule wa Roseto, mji mdogo wa Pennsylvania, Marekani, uliojengwa na wahamiaji wa Kitaliani kutoka Roseto Valfortore, waliokwenda huko mwishoni mwa karne ya 19 kufanya kazi ya sulubu katika machimbo ya mawe ya kuezekea.

Tabibu Stewart Wolf na wenzake, walipouchunguza mji huo mwanzoni mwa miaka ya 1960, waliona kuwa waliokufa kwa shtuko la moyo hawakufikia nusu ya wale wa miji jirani, ilhali wanaume wake walivuta tumbaku na kunywa mvinyo, na vyakula vilikaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Bangor, mji ulio ubavuni mwake, haukuipata salama hiyo. Kilichowapambanua watu wa Roseto ni maisha yao: vizazi vitatu nyumba moja, wazee wakisikizwa, tajiri akiona haya kujifakhiri mbele ya fakiri, na msiba wa mmoja ukibebwa na wote. Wolf na wenzake walitabiri kwamba ada hizo zikififia salama nayo itaondoka, na ndivyo ilivyokuwa: hesabu za vifo vya miaka 1935 hadi 1985, zilizochapishwa mwaka 1992, zilionyesha Roseto imekuwa sawa na Bangor.

Mji wa watu wapatao 1,600 waweza kudhaniwa kuwa shahidi dhaifu. Lakini Lisa Berkman na Leonard Syme, waliofuatilia kwa miaka tisa watu wazima 4,725 wa kaunti ya Alameda, California, walibainisha mwaka 1979 kwamba wanaume wenye uhusiano mchache kabisa walikufa mara 2.3, na wanawake mara 2.8, kuliko wenye watu wengi, na tofauti hiyo ilibaki hata baada ya kuzingatiwa tumbaku, ulevi na hali ya afya ya awali.

Sababu ni mbili. Mwenye watu hukumbushwa dawa na kupelekwa hospitali mapema. Na upweke wa kudumu hutia mwili katika taharuki, homoni ya kortisoli ikazidi, shinikizo la damu likapanda, kinga ikadhoofika. Walakini wingi wa watu pekee hautoshi, kwani uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulidhihirisha kuwa wanandoa waliozoea kuhasimiana vidonda vyao vidogo vilichelewa kupona kuliko vya walioelewana.