Siku saba za filamu "Rafiki": somo kwa wanaojifunza uandishi wa habari



Tangu Radio Maendeleo ianze hapa mjini Bukavu mwaka 1993, tumezoea kuona wasikilizaji wakikutana na kujadili vipindi. Kwa hiyo anayefundisha uandishi wa habari hufundisha pia juu ya mashabiki: ni nani, wanapenda nini, kwa nini. Lakini wako mashabiki wanaoogopa kujulikana, wakiwemo wanaopenda wenzao wa jinsia moja. Mfano wa karibu unatoka Kenya.

Mwaka 2018 Mkenya Wanuri Kahiu alitoa filamu "Rafiki". Inasimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, ambao baba zao ni wapinzani katika uchaguzi. Ilitokana na hadithi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata tuzo ya Caine mwaka 2007. Mwezi wa nne bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Mwezi wa tano ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa. Wageni wakaiona, wenyeji wakakatazwa.

Kahiu alikwenda mahakamani. Tarehe 21 Septemba 2018 jaji Wilfrida Okwany akaruhusu watu wazima waitazame kwa siku saba, ili iweze kushindania Oscar. Watu wakapanga mistari Nairobi, tiketi zikaisha. Siku saba zilipokwisha, marufuku ikarudi, na mwaka 2020 mahakama ikaithibitisha.

Watu wale hawakuzaliwa wiki ile. Walikuwako siku zote, ila hawakuwa na mahali pa kuketi pamoja. Wengine walikuja kwa sababu hadithi ilikuwa yao, wengine kwa kupenda sinema tu, na mlangoni hakuna aliyelazimika kueleza.

Hapo ndipo kazi ya mwalimu ilipo. Mwanafunzi anaweza kusoma hukumu, kuhesabu viti, kuuliza watazamaji walipenda nini. Hana haja ya kuandika nani ni nani. Sheria ya Kenya inatoa kifungo cha hadi miaka 14, kwa hiyo jina moja katika habari linaweza kumfunga mtu. Ninyi mlioandikwa kwenye orodha nyingi za wakimbizi mnalijua hilo: orodha ikifika mkono mbaya, mtu hana tena pa kujificha. Mwandishi wa habari ajifunze kulinda jina kabla ya kushika mikro.