Aksum: Siku Moja Katika Mji Uliopokea Ukristo Karne ya Nne

Mji wa Aksum uko katika jimbo la Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, karibu na mpaka wa Eritrea, kwenye nyanda za juu zenye mwinuko unaozidi mita 2,000. Leo ni mji wa kadiri, wenye masoko, shule na makanisa kama miji mingine ya eneo hilo. Hata hivyo, kuanzia karne ya kwanza hadi ya saba ulikuwa makao ya dola iliyoshika biashara ya Bahari ya Shamu. Katika karne ya nne mfalme wake, Ezana, alipokea Ukristo, na Aksum ikawa miongoni mwa dola za mwanzo duniani ambazo wafalme wake waliikiri imani hiyo. Hayo yalitukia zaidi ya miaka 1,100 kabla ya merikebu za Vasco da Gama kutia nanga Mombasa mwaka 1498.

Wengi wetu tumezoea kuanzia historia ya Ukristo wa Afrika Mashariki na Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844. Ni vyema kukumbuka kwamba Krapf mwenyewe, kabla ya kushuka pwani, alikuwa amefanya kazi Ethiopia, katika nchi iliyokuwa na maaskofu, watawa na Biblia ya lugha yake tangu kale. Ziara ya siku moja mjini Aksum, chini ya mwongoza watalii anayeyafahamu mawe na mapokeo, humwonyesha mgeni jinsi imani hiyo ilivyoingia: kwa njia ya biashara, kwa hatua, na kwa uamuzi wa Waafrika wenyewe.

Asubuhi: minara ya wafalme

Ziara huanza kwa kawaida kwenye uwanja wa minara, kaskazini mwa mji. Minara hiyo ni nguzo za jiwe moja moja, zilizochongwa na kusimamishwa kuwa alama za makaburi ya wakubwa. Iliyo mikubwa imechongwa mfano wa majumba ya ghorofa, yenye mlango chini na safu za madirisha juu, ingawa ndani hamna nafasi; ni jiwe tupu. Mkubwa kuliko yote una urefu wa mita 33 na unakadiriwa kuwa na uzito wa tani 520. Umelala chini, umevunjika vipande, na wataalamu wengi wanaamini kuwa ulianguka wakati wa kusimamishwa au muda mfupi baadaye.

Mnara wa pili kwa ukubwa, wenye urefu wa mita 24, una kisa chake. Majeshi ya Italia chini ya Mussolini yaliuchukua mwaka 1937 na kuusimamisha Roma. Katika mkataba wa amani wa mwaka 1947 Italia iliahidi kurudisha ilivyovichukua Ethiopia, lakini mnara huo ulirejea mwaka 2005 tu, kwa ndege, ukiwa vipande vitatu. Ulizinduliwa tena mahali pake mwaka 2008. Kwa wenyeji wa Aksum, kurudi kwake ni sehemu ya historia ya mji sawa na kuchongwa kwake.

Mgeni aliyekuja kutafuta Ukristo huenda akauliza: makaburi haya ya kabla ya Ukristo yanahusu nini? Jibu ni kwamba yanahusu sana. Desturi ya kusimamisha minara mikubwa ilikoma takriban katika kipindi kilekile ambacho wafalme walibadili dini. Baada ya hapo makaburi ya kifalme yalichukua sura nyingine, na nguvu za mafundi zikaelekezwa kwenye makanisa. Anayeitazama minara asubuhi na makaburi ya wafalme Wakristo alasiri huwa ameyaona mageuzi hayo kwa macho yake.

Vijana wawili na mfalme mtoto

Habari za jinsi Ukristo ulivyoingia katika jumba la mfalme zimehifadhiwa na Rufinus, mwandishi wa historia ya Kanisa aliyeishi karne hiyohiyo ya nne. Anasimulia kwamba vijana wawili kutoka Tiro, Frumentius na Aedesius, walikuwa safarini chomboni kilipovamiwa katika bandari ya Bahari ya Shamu. Wasafiri wenzao waliuawa. Wao wakapelekwa kwa mfalme. Aedesius akawa mnyweshaji wa mfalme, na Frumentius akakabidhiwa hazina na nyaraka. Mfalme alipofariki akiacha mrithi mdogo, mjane wake aliwaomba wasaidie kuendesha nchi mpaka mtoto akue. Frumentius akatumia nafasi hiyo kuwatafuta wafanyabiashara Wakristo waliokuwa nchini na kuwahimiza wajenge mahali pa kusalia.

Baadaye Frumentius alikwenda Aleksandria kuomba askofu kwa ajili ya waumini hao. Athanasius, aliyekuwa askofu wa mji huo, alimweka wakfu Frumentius mwenyewe na kumrudisha. Waethiopia humwita Abba Salama, Baba wa Amani. Kutokana na uamuzi ule, kwa karne nyingi Kanisa la Ethiopia lilipata mkuu wake kutoka Misri, hadi lilipopata patriaki wake mwaka 1959.

Yaliyoandikwa kwenye jiwe na sarafu

Simulizi ya Rufinus ingebaki simulizi tu kama Ezana hangeacha ushahidi wake. Katika njia ya kupanda kilima kaskazini mashariki mwa mji kuna kibanda kidogo chenye jiwe lililofukuliwa na wakulima katika miaka ya 1980. Lina maandishi ya Kigiriki, ya Kige'ez, na ya herufi za Kisaba za Arabia ya Kusini, yanayoeleza vita vya Ezana dhidi ya Wabeja. Wenyeji wameliacha palepale lilipopatikana, kwa kuwa maandishi yenyewe yanamlaani atakayeliondoa. Katika maandishi ya vita hivyo mfalme angali akimtukuza Mahrem, mungu wa vita wa mababu zake, ambaye kwa Kigiriki aliitwa Ares.

Maandishi yake ya baadaye yana lugha nyingine. Yale ya Kige'ez yanamshukuru Bwana wa Mbingu, jina ambalo Mkristo, Myahudi na hata mfuasi wa dini ya zamani angeweza kulisikia bila kukwazika. Yale ya Kigiriki, lugha iliyosomwa na wageni wa kutoka Misri na Rumi, yanamtaja waziwazi Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Wanahistoria wengi wameona hapo busara ya mtawala: nje alijitangaza kuwa Mkristo, na nyumbani alikwenda taratibu ili asiwaache raia wake nyuma.

Sarafu zinasema vivyo hivyo. Sarafu za kwanza za Ezana zina duara na hilali, alama za dini ya kale. Za baadaye zina msalaba, nazo ni miongoni mwa sarafu za mwanzo kabisa duniani kubeba alama hiyo. Baadhi ya sarafu za shaba za karne hiyo zimeuzungushia msalaba maneno ya Kigiriki yenye maana kwamba jambo hili na liipendeze nchi. Ni maneno ya mtawala anayeomba ridhaa ya watu wake.

Adhuhuri: Maria wa Sayuni

Kutoka uwanja wa minara ni mwendo mfupi hadi kwenye ua wa Kanisa la Maria wa Sayuni. Mapokeo yanasema kanisa la kwanza mahali hapo lilijengwa zama za Ezana. Katika karne ya 16, wakati wa vita vya Imamu Ahmad ibn Ibrahim al-Ghazi, kanisa liliteketezwa. Kanisa kongwe linaloonekana leo lilijengwa upya karne ya 17, katika utawala wa Fasilides, na wanawake hawaruhusiwi kuingia ndani yake. Kando yake kuna kanisa kubwa lililojengwa wakati wa Haile Selassie, ambalo hupokea wote, wake kwa waume.

Kati ya majengo hayo kuna kikanisa ambamo, kwa imani ya Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, limehifadhiwa Sanduku la Agano, lililoletwa na Menelik, mwana wa Mfalme Suleimani na Malkia wa Sheba. Mtawa mmoja ndiye mlinzi wake, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuliona. Mgeni asitarajie kuthibitisha wala kukanusha. Anachokiona ni waumini waliovaa mashuka meupe wakibusu kuta na kusali kwa unyenyekevu. Hao ndio wenye mahali.

Mwongozaji mzuri hutenganisha mapokeo na matokeo ya uchimbaji bila kuyadharau yote mawili. Kwa mfano, magofu ya Dungur, magharibi mwa mji, huitwa jumba la Malkia wa Sheba, ilhali waakiolojia wanayaweka katika karne za sita na saba baada ya Kristo, muda mrefu sana baada ya zama zinazotajwa katika Biblia. Jina linaonyesha jinsi watu wanavyoikumbuka asili yao. Vipimo vinaonyesha jumba lilijengwa lini.

Alasiri: Kaleb na Pantalewon

Baada ya chakula, njia hupita kwenye bwawa la Mai Shum, ambako umati hukusanyika mwezi Januari kuadhimisha Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Yesu. Kiasi cha kilomita mbili kutoka uwanja wa minara yako makaburi pacha ya mfalme Kaleb na mwanawe Gebre Meskel. Kaleb alitawala karne ya sita na kuvusha jeshi hadi Yemen kumpiga mfalme wa Himyar aliyewatesa Wakristo wa Najran. Kuta za chini ya ardhi zimepangwa kwa mawe yaliyolingana barabara bila chokaa, na ndani mna misalaba iliyochongwa. Hakuna mnara mrefu juu yake.

Mapokeo yanasema Kaleb alijiuzulu, akapeleka taji lake Yerusalemu, akamalizia siku zake katika monasteri ya Abba Pantalewon, iliyo juu ya kilima kidogo chenye miamba. Pantalewon ni mmoja wa Watakatifu Tisa, watawa waliotoka nchi za mashariki ya Bahari ya Mediterania na kueneza utawa Ethiopia. Katika zama hizo Biblia ilitafsiriwa kwa Kige'ez. Injili za monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa, zimepimwa na kuonekana kuwa za kati ya mwaka 330 na 660. Ni miongoni mwa vitabu vya Injili vyenye picha vya kale zaidi vilivyosalia duniani.

Jirani wa zamani wa Waswahili

Aksum si ngeni kwa watu wa pwani yetu. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia cha karne ya kwanza, kilichoandikwa kwa Kigiriki, kinataja bandari ya Adulis, iliyoihudumia Aksum, kisha kinashuka hadi Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki. Meli za pepo zilezile ziliunganisha masoko hayo. Waislamu nao wanaijua nchi hii kwa jina la Uhabeshi: yapata mwaka 615, wafuasi wa Mtume Muhammad walioteswa Makka walivuka bahari na kupata hifadhi kwa Najashi, mfalme Mkristo wa Aksum. Msikiti wa Negash, mashariki mwa Tigray, huhifadhi kumbukumbu hiyo.

Jeraha la karibuni

Vita vya Tigray, vilivyoanza Novemba 2020, havikuusaza mji huu. Tarehe 28 na 29 Novemba mwaka huo, katika mkesha wa sikukuu ya Maria wa Sayuni, raia wengi waliuawa. Mashirika ya haki za binadamu, ikiwamo tume ya Ethiopia yenyewe, yaliwataja askari wa Eritrea kuwa ndio waliofanya mauaji hayo. Msikiti wa Negash nao uliharibiwa kwa mizinga. Mkataba wa kusitisha vita ulitiwa saini Pretoria tarehe 2 Novemba 2022.

Kwa miaka hiyo waongoza watalii, wenye hoteli na mafundi wa misalaba walikosa riziki. Mgeni anayekuja sasa huleta kipato, lakini pia huingia katika mji wenye msiba ambao haujaisha. Si adabu kuuliza habari za vita kama anayeuliza habari za magofu; anayetaka kusimulia atasimulia mwenyewe.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, ulizia hali ya usalama na ratiba za ndege kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa hali ya jimbo hubadilika.

Pili, vaa nguo za heshima zinazofunika mabega na magoti, vua viatu mlangoni mwa kanisa, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Baadhi ya nyumba za watawa hazipokei wanawake, uliza mapema.

Tatu, siku za Jumatano na Ijumaa waumini hufunga, na vyakula vingi huwa havina nyama wala maziwa.

Nne, Waethiopia huhesabu saa kama Waswahili: saa moja ya asubuhi ni saa moja baada ya mapambazuko. Mwongozaji akikuambia mkutane saa mbili, hesabu yake na yako huenda ni moja. Tarehe ndizo za kuhakikisha, kwani kalenda yao ina miezi 13 na iko nyuma ya yetu kwa miaka saba hadi minane.