Mpwito Hauko Moyoni

Aliyeamua kwamba kila kinachodunda ndani ya mwili wa binadamu kiitwe "mapigo ya moyo" alikuwa na haraka ya kufunga kikao. Bango lililobandikwa katika zahanati moja hapa Kaptembwo, Nakuru, linamwagiza mgonjwa "apime mapigo ya moyo kwenye mkono, upande wa kidole gumba". Mama mmoja aliyenitangulia kwenye foleni alilisoma, akanigeukia: "Mwalimu, kwani moyo ilishuka huku lini?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lake lilikuwa la kitaalamu kuliko bango lenyewe.

Moyo uko kifuani, na huko ndiko unakopiga. Kinachoguswa kwenye kifundo cha mkono (kilimbili, walisema wazee wa pwani, neno jingine tulilolitupa bila sababu) ni ukuta wa mshipa unaotanuka na kunywea kila wimbi la shinikizo linapopita, na wimbi hilo husafiri kwa kasi kuliko damu yenyewe. Kwa mtu mzima mwenye afya aliyetulia, hesabu ya kifuani na ya mkononi hulingana, kati ya 60 na 100 kwa dakika. Nadhani ulinganifu huo ndio uliowalevya wanakamati wa istilahi wakaona neno moja litatosha.

Halitoshi. Kuna maradhi ambamo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo badala ya kujikamua kwa mpango, na vyumba vya chini hupiga bila utaratibu, mara nyingine kabla havijajaa damu. Pigo la namna hiyo huwa dhaifu na halifiki mkononi. Ndipo wahudumu wawili huhesabu kwa pamoja: mmoja ameweka stethoskopu kifuani, mwenziwe ameweka vidole mkononi, naye huepuka kidole gumba kwa sababu kidole hicho kina mpwito wake na kitamdanganya. Tuseme wa kwanza apate 118, wa pili 90. Tofauti hiyo ya 28 ni habari nzito kwa daktari. Sasa na aje bingwa wetu wa istilahi atuandikie ripoti: "Mapigo ya moyo ya mgonjwa ni machache kuliko mapigo ya moyo ya mgonjwa." Nasubiri.

Neno ninalolitetea ni mpwito, kutokana na kitenzi kupwita. Sikulibuni mimi, ingawa nimewahi kushutumiwa hivyo mbele ya watu, na mtu ambaye dhahiri hakuwa amefungua kamusi. Jipu linapokaribia kuiva hupwita. Kichwa chenye kipandauso hupwita pembeni mwa paji. Mshipa wa shingo ya mtu aliyekimbia hupwita hata ukauona kwa macho. Katika mifano hiyo yote hakuna anayempiga mwingine, na hapo ndipo uzuri wa kitenzi hiki ulipo. Kupiga hudai mtendwa: unapiga ngoma, unapiga mlango, unapiga mtu. Kupwita hakudai. Huwezi kumpwita mtu, hata ukikasirika kiasi gani na kamati. Mshipa haupigi chochote. Husukumwa na damu, ukaitika. Waroma waliliona hilo mapema: neno lao pulsus, ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelirithi, ni jina kutokana na kitenzi cha kusukuma, tena katika umbo la kutendwa. Waarabu nao wana nabdh, na tabibu Ibn Sina aliandika kwa kirefu juu ya aina zake, wembamba na upana wake, mpangilio na kukosa mpangilio kwake. Waswahili waliochukua kwa Waarabu tabibu, dawa na afya hawakuchukua nabdh. Kwa nini wangechukua, ilhali pwita lilikuwa nyumbani?

Pigo, kwa upande wake, limechoka. Kanisani mapigo ni yale kumi yaliyoishukia Misri ya Farao. Magazetini kifo cha kiongozi ni pigo kwa taifa. Mtu akisoma kwamba mgonjwa ana "mapigo mengi", amwonee huruma kwa lipi?

Wapo wanaopendekeza kupuma na jina lake pumo. Hao nawaheshimu kidogo, maana angalau wamekwenda kuchimba. Kupuma ni kudunda kwa ndani, na kidonda hupuma kama kinavyopwita. Lakini tazama ukoo wake: pumua, pumzi, pumzika, pumu. Wote wamepanga mapafuni. Mwambie mgonjwa wa pumu kwamba unataka kuhesabu pumo lake, naye atavuta hewa kwa nguvu na kuibana akikungoja umalize.

Wengine wanataka mdundo. Labda huko wanakoishi mdundo ni neno la utulivu. Kwetu mdundo ni spika za matatu zinazotikisa vioo kutoka stendi ya mjini mpaka Kwa Rhonda, na kudunda ni kile vijana wanachokwenda kufanya mjini Ijumaa usiku. "Naenda kupimwa mdundo" haitakuwa sentensi ya mgonjwa katika Nakuru hii, jiji tangu Desemba 2021. Ni kweli husemwa "roho inadunda", lakini hapo mtu anasimulia hofu: ameona askari wa kanjo, au mwenye nyumba amebisha hodi tarehe tano. Na ukitaka neno la moyo wa hofu, Kiswahili kina kupapatika, zuri lisilo na kifani, ambalo tumewaachia kuku.

Hapo ndipo wapinzani wangu hutoa silaha yao ya mwisho: hakuna mtu wa Kaptembwo anayesema mpwito. Nakubali. Mtaa huu una Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya na Wakisii waliobanana ploti kwa ploti, na Kiswahili chao kimeshonwa hapa hapa. Jina lenyewe la mtaa linaanza na Kap-, kiambishi cha Kikalenjin cha kutaja kwao mtu, sawa na Kapsabet na Kapkures. Wao husema "kichwa inanigonga", "jipu inapiga", "mshipa inaruka". Sina ugomvi na yeyote kati yao. Wamewahi kabisa kutenganisha jambo ambalo wataalamu wamelichanganya: kwao kinachoruka ni mshipa, na moyo wameuacha mahali pake. Mtu anayesema "mshipa inaruka" yuko hatua moja tu kutoka kwa mpwito. Anayefundishwa "mapigo ya moyo mkononi" amerudishwa nyuma maili kumi.

Tena hoja ya kwamba neno halisemwi mtaani hutolewa na watu wale wale waliotuletea shinikizo la damu, jambo ambalo Kaptembwo nzima inaliita presha na itaendelea kuliita presha. Hawakuona haya wakati huo. Ukimwi nalo lilikuwa kifupisho kilichoundwa mezani, na leo ni neno la mtoto wa darasa la kwanza, kwa sababu lilitumika kila bango, kila redio, bila kusitasita. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa Katiba ya 2010. Mwandishi wa bango la afya basi hana pa kujificha. Neno atakaloandika ndilo litakalosemwa.

Kwenye umeme, ambako pia hutafutwa neno la kitu kinachodunda, nitalegeza. Taa nyekundu ya mita ya tokeni inayopepesa ukutani, mara polepole, mara mbiombio ukiwasha pasi, inahesabu mipigo, na mipigo ibaki. Mafundi wamelizoea neno hilo na halimdhuru mtu.

Matumizi: mpwito, mipwito, ngeli ya u-i, hupimwa, huhesabiwa, hudhoofika, hupotea, "mpwito wake ni 72 kwa dakika". Kile kifaa cha kubana kidole ambacho wengi wetu tulikijua mwaka 2020, wakati wa korona, kina tarakimu mbili. Moja ni ya oksijeni. Ya pili huitwa mapigo ya moyo kwenye kila karatasi ya maelezo ya Kiswahili niliyowahi kushika, ingawa kifaa hicho humulika kidole tu na kufuata damu inavyojaa na kupungua humo. Moyo unafanya nini, hakina habari. Ni mpwito. Wauzaji wa dawa mtaani kwetu wanakiita "ile ya kidole", na wao hawajakosea.