Ngozi ya Ndege: Kitambaa, Ribiti na Gundi Katika Viwanja vya Mbeya na Iringa

Katika ufundi wa kutengeneza ndege za mfano kwa kipimo, uso ndio unaomtambulisha fundi. Umbo la jumla, yaani kiwiliwili, mabawa, mkia na injini, hupatikana kwa kupima vizuri na kukata kwa uangalifu. Uso una mambo yake: mistari ya viungo vya mabati, safu za ribiti, vifuniko vya kukagulia matangi na nyaya, mishono ya kitambaa, viraka vya matengenezo. Kwenye ndege halisi kila alama iliwekwa kwa sababu, na fundi asiyeijua sababu hiyo huishia kuchonga kiungo mahali ambapo hapakuwa na kiungo. Nyanda za Juu Kusini za Tanzania ni mahali pazuri pa kujifunzia sababu hizo, kwa kuwa katika muda usiofika miaka 100 Mbeya na Iringa zimepokea karibu kila aina ya ngozi iliyowahi kuvalishwa ndege ya abiria.

Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, wakati wachimbaji walipokuwa wakimiminika kwenye dhahabu ya Lupa. Miaka 5 baadaye ulikuwa tayari kwenye ramani ya anga ya dunia. Januari 1932 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianza kupeleka barua kutoka London hadi Cape Town, na Aprili mwaka huohuo ikaanza kuchukua abiria katika njia yote. Kusini ya Nairobi ndege zilitua Moshi, Dodoma na Mbeya, kisha zikaendelea Mpika na Broken Hill, mji ambao leo unaitwa Kabwe. Kazi ya kipande hicho ilianza na de Havilland Hercules, ndege ya injini 3 yenye mabawa mawili yaliyopandana. Mifupa ya kiwiliwili chake ilikuwa mabomba ya chuma, na juu yake kikawambwa kitambaa.

Kitambaa cha ndege kilikuwa kitani au pamba, kikashonwa kwenye mbavu za bawa kwa uzi, halafu kila mshono ukafunikwa kwa utepe. Baada ya hapo kilipakwa vanishi ya selulosi iliyokifanya kivutike na kukaza. Tabaka za mwisho zilichanganywa na unga wa alumini, ili mwanga wa jua usiuozeshe uzi. Hapo ndipo mafundi wengi wa modeli hupotea. Wakitazama picha za zamani huona ndege ya rangi ya fedha, wakadhani ni ya bati, wakaichonga mistari ya viungo kutoka puani hadi mkiani. Ndege ya kitambaa haina mistari hiyo. Ina matuta membamba ya utepe juu ya kila ubavu, na kati ya ubavu na ubavu kitambaa hubonyea kidogo sana. Kwenye modeli utepe huo huigwa kwa vipande vya karatasi nyembamba au kwa tabaka za rangi zinazojengwa polepole pembeni mwa gundi-karatasi. Viwanda vya plastiki vimezoea kulichonga bonyeo hilo kwa kina kikubwa mno, bawa likaonekana kama la ndege iliyokufa njaa. Ni heri fundi alisugue kwa msasa mpaka libaki dalili tu.

Kuanzia 1933 Hercules zilipokewa na Armstrong Whitworth Atalanta. Zilitengenezwa 8 tu, na mwinuko wa Afrika ya Mashariki ndio uliowaamuru wabunifu wake. Mbeya ya zamani ilikuwa na kiwanja kilichokaa karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya mahali pa juu hupunguza nguvu ya injini na uwezo wa bawa kunyanyua. Imperial Airways ilitaka ndege inayoweza kubaki kwenye futi 9,000, yaani mita 2,700 hivi, hata injini moja kati ya 4 ikizimika. Jibu lilikuwa bawa moja nene lililokaa juu ya kiwiliwili, bila nguzo wala waya za kulishikilia. Ngozi yake ilikuwa mchanganyiko wa plaiwudi na kitambaa juu ya chuma. Kwa mtengeneza modeli huu ni mtihani mgumu kuliko Hercules, maana uso mmoja una sehemu laini isiyo na alama kabisa na sehemu yenye mbavu zinazoonekana.

Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1930 ndiyo iliyozaa modeli za kipimo kama biashara. Huko London vifurushi vya mbao vya Skybirds, vilivyobuniwa na James Hay Stevens, vilieneza kipimo cha 1:72, ambapo inchi moja ya modeli ni futi 6 za ndege. Mwaka 1936 kampuni ya FROG ikaleta vifurushi vya Penguin, ambavyo huhesabiwa kuwa vya kwanza vya plastiki. Kisha ikaja vita. Modeli za 1:72 zikawa chombo cha kuwafundisha askari kutofautisha ndege ya rafiki na ya adui. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliomba modeli 500,000 kutoka kwa wanafunzi wa shule. Zilipakwa rangi nyeusi, zikatazamwa kama vivuli dhidi ya anga. Hakuna aliyejali ribiti.

Mbeya haikudumu katika njia kuu. Mwaka 1937 Imperial Airways ilihamia kwenye ndege za majini za Short, zilizopita Mombasa, Dar es Salaam na Lindi kuelekea Durban, na bara likaachiwa ndege ndogo kama zile za Wilson Airways ya Nairobi. East African Airways ilipoanza mwaka 1946 ilikuwa na de Havilland Dragon Rapide 6, za mbao, plaiwudi na kitambaa, zenye mabawa mawili ya mita 14.6. Kwa hiyo ngozi ya kushonwa iliendelea kuonekana Afrika ya Mashariki wakati Ulaya na Marekani zilikwisha kuizoea ndege ya bati.

Bati lenyewe lilifika na Douglas DC-3, iliyoingia East African Airways kuelekea mwisho wa miaka ya 1940 na kufanya safari za ndani kwa miaka mingi. Ngozi ya DC-3 ni karatasi za aloi ya alumini zilizopakwa alumini safi kuzuia kutu, na sehemu nyingi unene wake haufiki milimita moja. Karatasi moja hulalia ukingo wa nyingine, kisha hupigiliwa ribiti zenye vichwa vya mviringo. Kiungo chake basi si mfereji. Ni ngazi ndogo, upande mmoja juu, mwingine chini. Karatasi hizo hazikai bapa pia. Kati ya fremu na fremu zina mawimbi mepesi ambayo hujitokeza jua la jioni linapoipiga ndege kwa ubavu. Tena usukani wa mkia na vibawa vya kuongozea viliendelea kuvalishwa kitambaa, kwa hiyo modeli ya DC-3 iliyojaa ribiti kuanzia pua hadi ncha ya mkia ina kosa ambalo fundi yeyote wa hanga angeliona mara moja.

DC-3 ndiyo iliyowafikisha watengenezaji wa plastiki kwenye kishawishi cha ribiti. Airfix, kampuni ya Uingereza iliyotoa modeli ya Dakota mwaka 1960, ilipamba ndege zake za zama hizo kwa vichwa vya ribiti vilivyochomoza. Hesabu yake ni rahisi. Kichwa cha ribiti halisi kina milimita 5 au 6. Katika 1:72 kinapaswa kuwa na milimita 0.08 hivi, kitu ambacho jicho halikioni bila lenzi. Ribiti ya plastiki yenye milimita 0.4 ni sawa na ribiti ya karibu milimita 29 kwenye ndege halisi, ukubwa wa kizibo cha soda. Sababu ilikuwa kiwandani. Ukitoboa au kukwaruza kalibu ya chuma, plastiki hutoka na kipele au mstari ulioinuka. Kupata mstari uliozama ilibidi kalibu iachwe na ukuta mwembamba uliosimama, kazi ghali zaidi. Kwa hiyo hadi miaka ya 1970 mistari mingi ilikuwa ya kuinuka. Viwanda vya Japani, Hasegawa na Tamiya vikiwa mbele, ndivyo vilivyoufanya mstari uliozama uwe kawaida katika miongo iliyofuata.

Mafundi hawakusubiri viwanda. Walisugua mistari iliyoinuka kwa msasa wa maji, wakabandika utepe mgumu wa plastiki kama rula, kisha wakapitisha ncha ya sindano iliyofungwa kwenye kijiti, mara kadhaa kwa mkono mwepesi. Mkono mzito hutoa mfereji uliopinda na kuinua kingo. Ribiti zilipigwa kwa gurudumu lenye meno kama la saa, likiacha vitobo vilivyopangika. Mstari ukikosewa huzibwa kwa gundi, husuguliwa, huchongwa upya. Ustadi huu umekua kiasi cha kupita ukweli: leo modeli nyingi zinazosifiwa zina mistari mipana na mieusi ambayo ndege halisi, ikitazamwa kutoka jengo la abiria, haina.

Miaka ya 1960 East African Airways ilileta Fokker F27 Friendship, na ilipovunjika mwaka 1977 Shirika la Ndege Tanzania (Air Tanzania) liliendelea kuitumia. Mabawa ya F27 yana mita 29, sawa na ya DC-3, kwa hiyo modeli za 1:72 za ndege hizo mbili zina upana uleule wa sentimita 40. Zikiwekwa pamoja mezani, tofauti ya ngozi zao hujieleza. Fokker iliunganisha mabati mengi ya F27 kwa gundi ya Redux, iliyobuniwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, badala ya kutegemea ribiti peke yake. Uso wake ukawa laini, viungo vichache. Twin Otter, iliyotumiwa na mashirika hayohayo kwenye viwanja vifupi, ilirudi nyuma kwa makusudi: magurudumu yasiyokunjwa, nguzo za kushikilia bawa, ribiti kila mahali. Ndege ya kutua kwenye changarawe hutakiwa kuzibwa kiraka kwa vifaa vya kawaida.

Watoto wa Nyanda za Juu wamekuwa na modeli zao wakati huo wote, za mabua ya mahindi, mianzi, waya na makopo ya mafuta ya kupikia, magurudumu yakikatwa kwenye kandambili chakavu. Hakuna kipimo humo. Lakini ndege ya kopo ina jambo ambalo plastiki huliiga kwa taabu: karatasi ya bati ya kweli, iliyokunjwa ukingo na kugongwa jinsi mafundi bati wanavyofunga ndoo na koroboi. Kiungo chake hulalia kama cha DC-3, na bati hubonyea lenyewe linaposhikwa.

Kilichobaki ni uchafu. Kiwanja cha Nduli, nje kidogo ya Iringa, kilikuwa cha changarawe kwa muda mrefu kabla ya kutiwa lami, na kiangazi cha Juni hadi Oktoba hurusha vumbi jekundu. Mafundi wa Ulaya humimina wino mweusi kwenye mistari ya viungo. Kwa ndege iliyofanya kazi Iringa wino huo haufai. Inafaa kahawia yenye wekundu, iliyokolea chini ya tumbo na nyuma ya magurudumu, na ikififia kuelekea mgongoni, ambako mvua za masika huosha. Moshi wa injini huja juu ya vumbi hilo.

Desemba 2012 uwanja wa Songwe ulifunguliwa magharibi ya jiji la Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,300 na ushei, ukachukua nafasi ya kiwanja cha mjini. Mwaka uliofuata ndege za Airbus A319 za shirika la Fastjet zikaanza kutua hapo. Air Tanzania ilipofufuliwa mwaka 2016 ilianza na Bombardier Q400, yenye mabawa ya mita 28.4, karibu kabisa na DC-3 na F27, kisha mwishoni mwa 2018 ikapokea Airbus A220. Kiwiliwili cha A220 ni aloi ya alumini na lithiamu, na mabawa yake ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa utomvu. Ngozi ya bawa hutoka ikiwa kipande kirefu, na mistari inayoonekana ni ya vibawa vya kuongozea na vifuniko vya matangi. Kwa kipimo cha 1:144, kinachotumika sana kwa ndege za abiria, fundi anayetaka ukweli haichukui sindano kwa bawa hilo: vifuniko huwekwa kwa rangi ya kijivu iliyokoza kidogo kuliko ya bawa, na sehemu nyingine huachwa tupu.