Simoni Mkirene: mbeba msalaba na visa vilivyomfuata

Kila Ijumaa Kuu, Wakatoliki hapa Mombasa huandamana na msalaba wa mbao wakikumbuka Njia ya Msalaba yenye vituo 14. Kituo cha 5 ni cha mtu ambaye wengi wetu tumemsikia kwenye mihadhara ya dini bila kujua asili yake: Simoni Mkirene.

Katika Biblia ametajwa kwa ufupi mno. Mathayo, Marko na Luka wanasema askari walimlazimisha aubebe msalaba. Marko anaongeza kuwa alikuwa mpita njia akitoka shamba, na kwamba ni baba yao Aleksanda na Rufo. Yohana hamtaji kabisa. Kwake yeye, Yesu aliubeba mwenyewe. Kirene ulikuwa mji wa Kiyunani wenye Mayahudi wengi, na magofu yake yako mashariki mwa Libya ya leo.

Palipo na ukimya, visa huingia. Wakristo wengine humtambua mwanawe katika Rufo anayesalimiwa kwenye Waraka kwa Warumi. Mwaka 1941, katika Bonde la Kidroni mjini Jerusalem, lilipatikana sanduku la mawe la kuhifadhia mifupa lenye jina la Aleksanda mwana wa Simoni. Lakini majina hayo yalikuwa ya kawaida, hivyo si ushahidi wa kukata shauri.

Kisa kilichovuma zaidi ni kile cha kusulubiwa Simoni badala ya Yesu. Mnamo mwaka 180 hivi, Askofu Irenaeus wa Lyon aliandika, kwa kupinga, kwamba Basilides wa Alexandria alifundisha kuwa Simoni aligeuzwa sura akafanana na Yesu, akasulubiwa yeye, huku Yesu akisimama kando akicheka. Kisa kinachokaribiana na hicho kimo katika Risala ya Pili ya Seth Mkuu, mojawapo ya maandishi ya Kikopti yaliyofukuliwa Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945.

Hapo ndipo baadhi ya wahadhiri wetu hushangilia: "Mwaona? Hata maandiko yao yakiri!" Ndugu zangu, tutulie kidogo. Basilides hakumtetea Nabii Issa (A.S.) tunayemjua sisi. Kwake yeye Yesu hakuwa na mwili wa kweli, ndiyo maana hakuweza kusulubiwa. Sisi twaamini alikuwa binadamu, mwana wa Maryam, akila chakula kama watu wengine. Na ni Mtume gani atakayemcheka mtu asiye na hatia akiteswa kwa niaba yake?

Isitoshe, ile Injili ya Barnaba inayouzwa mitaani yasema aliyesulubiwa ni Yuda. Mashahidi hawa wawili wapingana wao kwa wao.

Qur'ani, katika Suratun-Nisaa aya ya 157, yakanusha kuuawa na kusulubiwa kwa Issa na kusema walifananishiwa tu. Haikumtaja Simoni wala Yuda. Wafasiri walipokea riwaya mbalimbali. Ibn Kathir, kwa mfano, ana ile ya kijana miongoni mwa wanafunzi wake aliyejitolea.

Imani yetu yasimama kwa aya hiyo, haihitaji gongo la kuazima. Tukitaka kujadiliana na majirani zetu Wakristo, tuanze kwa kukijua kitabu tunachokinukuu: nani alikiandika, na alikusudia nini. Wallahu a'lam.