Mama Mdogo Yumo Katika Jedwali Gani?

Mwaka jana tulipewa kazi ya kuandika historia ya biashara ya mahali tunapopajua. Mimi nilichagua Petite Barrière, mpaka kati ya Gisenyi na Goma, ambapo maelfu ya watu huvuka kwa miguu kila siku. Nimekulia karibu na hapo, na mama yangu mdogo amevusha nyanya na vitunguu kwa miaka mingi. Nilipomweleza kwamba nitatumia nyaraka za serikali, aliniuliza: "Mwanangu, na mimi nimo humo?" Sikuwa na jibu.

Tatizo langu la kwanza lilikuwa jina. Nilitafuta "Wilaya ya Rubavu" nikapata karibu nyaraka za baada ya 2006 peke yake. Sababu ni kwamba wilaya hii ilipata mipaka yake ya sasa katika mageuzi ya utawala ya mwaka huo. Kabla ya hapo takwimu ziliandikwa kwa jina la Mkoa wa Gisenyi, uliokuwa mkubwa zaidi. Tena Wabelgiji waliuandika mji huu "Kisenyi". Nilipotafuta kwa jina hilo, nilianza kuona ripoti ambazo Ubelgiji ilitoa kila mwaka kuhusu utawala wake wa Ruanda-Urundi. Hapo nilijifunza pia kwamba siwezi kuchukua idadi ya watu wa Gisenyi katika sensa ya 1991 na kuilinganisha moja kwa moja na ya Rubavu katika sensa ya 2012. Eneo si lile lile.

Tatizo la pili lilikuwa kujua nani amehesabiwa. Taasisi ya Taifa ya Takwimu ya Rwanda (NISR) hutoa takwimu za biashara ya nje kila robo mwaka. Takwimu za biashara rasmi hutokana na matamko ya forodha. Beseni la nyanya lililobebwa kichwani bila tamko haliingii humo. Kwa ajili hiyo biashara isiyo rasmi hupimwa kwa uchunguzi wa pekee kwenye mipaka, na Benki Kuu ya Rwanda hutumia matokeo yake. Wavushaji wadogo, ambao wengi wao ni wanawake, wanapatikana humo.

Kosa langu kubwa lilihusu mwaka 2020. Mwezi Machi mpaka ulifungwa kwa sababu ya Korona, lakini malori ya mizigo yaliruhusiwa kuendelea. Mimi nilitazama jedwali la biashara rasmi tu, nikaandika kwamba biashara na Kongo iliendelea. Nilimsomea mama mdogo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Malori yalipita. Mimi nilikaa nyumbani nikala mtaji mpaka ukaisha." Nilirudi kusoma maelezo yaliyo chini ya jedwali, yale ambayo nilikuwa nimeyaruka. Jedwali halikukosea. Mimi ndiye niliyeliuliza habari za watu ambao halikuwahesabu. Nilifuta aya nzima nikaiandika upya.

Kwa wenzangu watakaofanya utafiti kama huu, ninashauri mambo matatu. Andikeni majina yote ya zamani ya mahali kabla ya kutafuta. Someni maelezo ya jedwali kabla ya namba zake. Na mkiomba nyaraka ofisini, ombeni kwa maandishi, mkitaja mwaka na aina ya ripoti. Sheria Na. 04/2013 ya tarehe 8 Februari 2013 inatupa haki ya kupata habari, lakini mimi nilirudishwa mara mbili kwa sababu niliomba tu "takwimu za mpaka".

Mwishoni nilimjibu: "Mama mdogo, umo, ila bila jina. Na katika jedwali la malori humo kabisa." Akasema, "Basi andika hivyo." Ndivyo nilivyoandika.